Msumeno Uliosahauliwa Ghalani

Katika maghala ya parokia zetu, nyuma ya mabati yaliyobaki katika ujenzi na viti vilivyovunjika, hukutwa vyombo ambavyo hakuna anayekumbuka vililetwa na nani. Kimojawapo ni msumeno wa mnyororo wenye injini ya petroli, ambao mafundi huuita chenso. Vijana wakiuona huvuta kamba ya kuwashia papo hapo. Wazee hutaka uuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Sisi twaona kuwa pande zote mbili zina haraka. Yafaa kwanza tuulize jina lake.

Jina hilo hupatikana kwa subira na kitambaa chenye mafuta ya taa. Chini ya grisi na unga wa mbao huenda pakawa na kibati cha mtengenezaji, au namba zilizogongwa kwenye mwili wa injini. Kibati kikiwa kimepotea, umbo lenyewe hushuhudia. Mwaka 1926, Andreas Stihl wa Stuttgart, Ujerumani, alipotengeneza msumeno wake wa kwanza, nao wa umeme, ulihitaji watu wawili kuushika. Ilikuwa mwaka 1950 ndipo kampuni yake ilipotoa msumeno wa petroli wa kutumiwa na mtu mmoja, wenye kilo 16. Mwaka 1959 ukaja Contra, wa kilo 12, usio na gia kati ya injini na mnyororo. Uzito, mishikio na gia hudokeza umri.

Meno nayo yana habari yake. Mwaka 1947, mkata miti Joseph Cox wa Oregon, Marekani, alitengeneza mnyororo wa meno yaliyopinda, baada ya kumchunguza funza wa mbawakawa aliyekuwa akitafuna gogo kwa taya zake, kushoto na kulia. Wengi wetu tungalimponda funza yule kwa kiatu. Lakini tusiutegemee sana ushahidi huo, kwa maana mnyororo hubadilishwa mara nyingi, na waweza kuwa mdogo kwa umri kuliko msumeno wenyewe.

Je, kwa nini tujisumbue na jina? Kwa sababu injini ya namna hii hulainishwa na oili inayochanganywa katika petroli yake. Misumeno mingi ya leo hupewa petroli sehemu 50 kwa oili sehemu 1. Ya zamani mara nyingi ilitaka 25 kwa 1, au oili nyingi zaidi. Asiyeijua huiua kwa dakika chache.

Basi kamba isivutwe. Plagi ifunguliwe, matone ya oili yatiwe ndani ya silinda, na injini izungushwe polepole kwa mkono. Ekzosi nayo ifunguliwe, tumulike pistoni kwa tochi: ikiwa laini, tumaini lipo, ikiwa na mikwaruzo ya wima, huenda kuna mtu aliyetangulia kuinyima oili. Petroli ya miaka mingi huwa imeganda kama utomvu ndani ya kabureta, na viwambo vyake vimekakamaa. Visafishwe na kubadilishwa, pamoja na mpira wa petroli. Platini zisuguliwe. Sili za mhimili zikiwa zimekauka, hewa huingia na kuunguza pistoni hata kama oili inatosha. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mwisho ni tupa ya duara kwa meno, kwani Mhubiri, katika sura ya 10, alikwisha kutuonya juu ya nguvu zinazopotea kwa chuma butu.

Lakini, ndugu zangu, msumeno unaonguruma vizuri bado si msumeno salama. Ncha ya ule ulimi wa chuma unaozungukwa na mnyororo ikigusa gogo, msumeno waweza kurushwa kuelekea uso wa aliyeushika, kabla hajapepesa jicho. Breki ya mnyororo ilianza kuenea miaka ya 1970. Mingi ya kabla ya hapo haina. Halmashauri ya parokia isimkabidhi kijana chombo hicho akaangushe miti siku ya kazi za kujitolea, eti kwa sababu mpya ni ghali. Fundi mzoefu, mwenye mavazi ya kujikinga, akate nao magogo yaliyolala, au uwashwe kwa kuonyeshwa tu.

Ukirudishwa ghalani, tangi limwagwe petroli yote, na mshikio ufungwe kadi yenye jina la msumeno, mwaka wake na kipimo cha oili yake.