DAKTARI KIJANA, OMBA MASOMO BILA KUOGOPA



Mwaka 1961 Tanganyika ilipata Uhuru ikiwa na madaktari Waafrika 12 tu. Mwaka 1963 chuo cha kufundisha madaktari kilifunguliwa Dar es Salaam, na leo vijana wetu wanahitimu kila mwaka. Lakini vita ya maradhi haijaisha. Wako wagonjwa ambao bado husafirishwa mbali kwa kuwa bingwa hayupo karibu.

Ninyi mmesoma miaka 5, mkafanya kazi mwaka 1 chini ya uangalizi. Sasa mkitaka ubingwa mnaweza kurudi chuoni, Muhimbili au Moshi, kwa miaka 3 au zaidi. Anayetaka upasuaji anaweza pia kuomba katika Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999. Huko mtu hujifunza hospitalini huku akifanya kazi.

Mimi nilikataliwa mara ya kwanza. Nilipeleka maombi siku ya mwisho, bila ruhusa ya mwajiri. Kosa lilikuwa langu. Basi wekeni vyeti tayari mapema, ombeni ruhusa, na mkuu aliyeiona kazi yenu awaandikie barua.

Tena msichague fani kwa kutazama fedha peke yake. Jiulizeni: wilaya yetu inakosa bingwa wa namna gani? Aliyesomeshwa kwa jasho la wananchi ana deni kwao. Nendeni mkasome, kisha rudini. Wagonjwa wanawangoja.