Usugu wa Dawa Unaosafiri Majini



Mara nyingi inapotajwa habari ya dawa za antibiotiki kushindwa kutibu maradhi, lawama humwangukia mgonjwa. Huambiwa kwamba hakumaliza dozi, au kwamba alijinunulia vidonge dukani bila ya cheti cha daktari. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini inafunika jambo jingine lililo zito zaidi. Sehemu kubwa ya usugu huo hupokezanwa nje kabisa ya mwili wa binadamu: katika mitaro ya maji machafu, katika mito, katika mabwawa na katika udongo. Na huko ndiko tunakokusudia kuelekea leo.

Kwanza yafaa ikumbukwe kwamba bakteria hawakuanza kuwa sugu pale binadamu alipogundua dawa. Antibiotiki nyingi tunazozitumia zina asili yake udongoni. Streptomisini, dawa ya kwanza ya aina hii kufaa kwa kifua kikuu, ilipatikana nchini Marekani mwaka 1943 kutokana na bakteria wa ardhini. Viumbe hao wadogo wamekuwa wakipigana kwa sumu zao tangu enzi na enzi, na palipo na upanga hapakosi kuwa na ngao. Mwaka 2011 wanasayansi wa Canada walitangaza kwamba katika udongo ulioganda wa eneo la Yukon, wenye umri wa miaka ipatayo 30,000, walikuta jeni za kukinza dawa za jamii ya penisilini, tetrasaiklini na hata vankomaisini. Wakati udongo huo ulipoganda, hapakuwa na daktari wala duka la dawa popote duniani.

Ngao, basi, zilikuwapo. Alichokifanya binadamu ni kumwaga dawa kila mahali, hata mwenye ngao akawa ndiye anayebaki hai, kisha akazifungulia ngao hizo njia za kusafiri.

Je, zinasafiri vipi? Sisi binadamu humrithisha mtoto, na mtoto humrithisha mjukuu. Bakteria nao hurithishana hivyo hivyo, lakini wana na desturi nyingine ambayo sisi hatuna: humpa jirani. Mwaka 1928, mwaka uleule Alexander Fleming alipoiona penisilini mjini London, daktari mwingine wa Uingereza, Frederick Griffith, aliwachanganya bakteria wa kichomi waliokwisha kufa kwa joto na wenzao walio hai ambao hawakuwa na madhara. Panya waliodungwa mchanganyiko huo wakafa. Wale walio hai walikuwa wameokota kitu kutoka kwa maiti, wakageuka wauaji. Baadaye ilibainika kwamba kitu hicho ni DNA, yaani maandishi ya urithi. Pia wapo virusi wanaoshambulia bakteria, ambao mara nyingine hubeba kipande cha DNA kutoka kwa mmoja na kukitia kwa mwingine.

Hata hivyo, njia inayowasumbua zaidi madaktari ni ya tatu. Bakteria wawili hukaribiana, mmoja akanyoosha kijirija chembamba mno mpaka kwa mwenzake, na kwa njia hiyo akampitishia nakala ya kiduara cha DNA kiitwacho plasmidi. Mtoaji hapungukiwi na kitu, kwani hubaki na nakala yake, na mpokeaji naye anakuwa mtoaji. Plasmidi moja yaweza kubeba jeni za kukinza dawa nne, tano au zaidi kwa pamoja. Tena si lazima wawili hao wawe wa jamii moja. Ni kana kwamba mbuzi angeweza kumpa kuku pembe zake bila ya yeye mwenyewe kuzipoteza.

Jambo hili liligunduliwa Japani, katika shida kubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, ugonjwa wa kuhara damu uliisumbua sana nchi hiyo. Katika miaka ya 1950 madaktari walianza kuwaona wagonjwa ambao bakteria wao hawakudhurika kwa dawa nne tofauti kwa mpigo mmoja. Ilikuwa vigumu kuamini kwamba mabadiliko manne yametokea kwa bahati ndani ya bakteria mmoja. Ilipofika mwaka 1959, watafiti wa Kijapani walikuwa wameonyesha kwamba usugu wote ule ulihama kama mzigo mmoja, kutoka kwa bakteria wa kawaida wa tumboni kwenda kwa yule wa kuhara damu.

Sasa hebu tuingie mtaroni. Mtu anapomeza antibiotiki, sehemu isiyo ndogo ya dawa hiyo hutoka mwilini ikiwa bado ina nguvu. Huingia katika maji machafu pamoja na bakteria wa tumbo lake, ikakutana na dawa na bakteria wa watu wengine maelfu, kinyesi cha mifugo, na masalio ya metali kama vile shaba na zinki, ambazo nazo zaweza kuwapa nafasi bakteria sugu. Kiasi cha dawa majini kwa kawaida ni kidogo, hakitoshi kuua. Lakini kinatosha kumpa mwenye ngao faida juu ya asiye nayo.

Kisa cha India kinaeleza hayo vizuri. Mwaka 2008, madaktari wa Sweden walimpokea mgonjwa aliyerejea kutoka India, ambako alikuwa amelazwa hospitalini. Bakteria aliyekuwa naye hakudhuriwa kitu na dawa za karbapenemu, zile ambazo madaktari huziweka akiba kwa siku ya dhiki. Ajabu zaidi, jeni iliyompa uwezo huo ilikutwa pia ndani ya bakteria wa aina nyingine tumboni mwa mgonjwa yuleyule. Jeni hiyo ikapewa jina la NDM-1, herufi mbili za mwanzo zikisimama badala ya New Delhi. Serikali ya India ililalamika vikali, na kwa maoni yangu ilikuwa na haki, kwa sababu jina la mji likishabandikwa juu ya ugonjwa halibanduki tena.

Lakini malalamiko juu ya jina hayakulisafisha jiji. Mwaka 2011 zilichapishwa habari za uchunguzi wa maji ya New Delhi. Katika sampuli 171 za maji yaliyotuama au kutiririka mitaani, jeni hiyo ilipatikana katika 51. Katika sampuli 50 za maji ya bomba, ilikuwamo katika mbili. Miongoni mwa bakteria walioibeba alikuwamo yule wa kipindupindu. Sampuli 70 za maji machafu ya mji wa Cardiff, Uingereza, zilipopimwa kwa kulinganisha, hazikuwa nayo. Watafiti waliona pia kwamba plasmidi zilihama kwa wingi zaidi katika joto la nyuzi 30 kuliko katika nyuzi 37, ambalo ndilo joto la mwili wetu. Nyuzi 30 si joto geni kwa msikilizaji wa Mombasa, Dar es Salaam au Muscat.

Na mchango wa viwanda je? Mwaka 2007 watafiti wa Sweden walieleza walichokikuta Patancheru, karibu na Hyderabad, kwenye mtambo uliokuwa ukisafisha maji taka ya viwanda vya dawa vipatavyo 90. Katika maji yaliyotoka mtamboni, yaani yaliyohesabiwa kuwa yamekwisha kusafishwa, dawa ya siprofloksasini ilifikia miligramu 31 kwa lita. Kiasi hicho kinapita kile kinachopatikana katika damu ya mgonjwa aliye katika matibabu. Vidonge hivyo huuzwa kwa bei nafuu ulimwenguni kote, Afrika Mashariki ikiwamo, na hatuna budi kukiri kwamba sehemu ya unafuu huo ililipwa na mto wa wengine.

Isidhaniwe kwamba mambo haya yaliishia India. Jeni ya NDM-1 ilithibitishwa kwa wagonjwa wa Nairobi katika bakteria waliokusanywa kati ya mwaka 2007 na 2009, na nchini Oman katika bakteria wa mwaka 2010. Wagonjwa husafiri, mahujaji husafiri, wafanyabiashara husafiri, na tumbo la msafiri halina forodha. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022, maambukizi ya bakteria sugu ndiyo yaliyosababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019 peke yake.

Mwezi Septemba 2024 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa kwa mara ya kwanza mwongozo kuhusu maji taka ya viwanda vya antibiotiki. Ni mwongozo tu, si sheria; nguvu yake itategemea serikali zitakazoutia katika kanuni zao, na wanunuzi wakubwa wa dawa watakaouliza maji ya kiwanda yanamwagwa wapi kabla ya kuuliza bei.

Upande wa mifugo, kipo kielelezo cha China. Mwishoni mwa mwaka 2015 iligunduliwa huko plasmidi yenye jeni ya kukinza kolistini, dawa nyingine ya akiba, ndani ya nguruwe, katika nyama na kwa wagonjwa. Nguruwe walikuwa wakichanganyiwa dawa hiyo katika chakula ili wanenepe upesi. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku mtindo huo. Vipimo vilivyofuata vilionyesha jeni hiyo ikipungua sana kwa nguruwe, na ikipungua kwa watu pia. Haikutoweka.