HASIRA YA DAUDI HAITOSHI

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa halmashauri za walei, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo)





Mada niliyopewa ni nzito, na wengi wetu tungependa kuikwepa. Inahusu namna sisi viongozi tunavyopokea habari kwamba mtu amedhulumiwa kijinsia ndani ya Kanisa letu wenyewe. Naomba tuanze na Maandiko Matakatifu.

1. Nyumba ya Daudi

Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13, kinasimulia habari za Tamari, binti wa mfalme. Amnoni, ndugu yake kwa baba, alijifanya mgonjwa, akaomba Tamari aje kumwandalia chakula, kisha akamtenda jeuri. Tamari hakuficha. Alirarua vazi lake, akajitia majivu kichwani, akaenda zake akilia. Absalomu, kaka yake, akamtaka anyamaze kwa kuwa mkosaji ni ndugu. Mfalme Daudi, aliyekuwa baba na tena mwamuzi wa taifa, alikasirika sana. Lakini hatusomi kwamba alimwita Amnoni, wala kwamba alimwendea binti yake. Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni, na baadaye vita ikaingia katika nyumba ile.

Ndugu zangu, Daudi hakukosa uchungu. Alikosa kutimiza wajibu wake. Nasi tukisikia habari kama hizi tunasikitika, tunatikisa vichwa, tunasali. Kisha tunafunga kikao.

2. Kosa nililoshiriki mimi

Sisemi haya kama mtu asiyehusika. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katibu wa halmashauri katika kigango kimoja. Mama mmoja alituletea shauri: binti yake wa miaka kumi na minne alikuwa amenajisiwa na mwalimu wa kwaya. Tuliketi wazee sita, wanaume watupu. Binti alisimamishwa mbele yetu, tukamwuliza kwa nini alibaki nyuma baada ya mazoezi. Mwalimu aliomba radhi, akatoa mbuzi wawili na fedha kidogo. Tukasema yamekwisha, jina la Kanisa limehifadhiwa.

Mwalimu yule alipotaka kuhamia parokia nyingine, aliomba barua ya utambulisho. Niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikasema ni Mkristo mwema na mwimbaji hodari. Baada ya miaka mitatu tulipata habari za mtoto mwingine, huko alikokwenda. Yule binti wa kwanza hakurudi kanisani tena. Mama yake nilikutana naye sokoni. Hakunitukana. Alinisalimu kwa heshima, akapita. Salamu ile ninayo hadi leo.

3. Wakubwa nao walikosea hivyo hivyo

Tusidhani ni udhaifu wa vigango vya mashambani tu. Mwaka 2002, huko Boston, Marekani, ilidhihirika kwamba mapadre waliojulikana kuwadhulumu watoto walihamishwa parokia hadi parokia, na waamini hawakuambiwa. Askofu Mkuu wa jimbo hilo, Kardinali Bernard Law, alijiuzulu mwezi Desemba mwaka huo.

Waanglikana nao wana kidonda chao. John Smyth, mwanasheria Mwingereza, aliwatesa vijana wa kambi za Kikristo. Viongozi kadhaa walipata habari tangu mwaka 1982, lakini hawakwenda polisi. Mwaka 1984 alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine, na watoto wa Kiafrika wakapatwa na mateso yale yale. Alifariki mwaka 2018 kabla ya kufikishwa mahakamani. Ripoti ya uchunguzi ilipotolewa mwaka 2024, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu. Mnaona, ndugu zangu: Boston waliandika barua ya uhamisho, nami niliandika barua ya utambulisho. Tofauti ni ukubwa wa ofisi tu.

Mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alitoa sheria iitwayo Vos estis lux mundi. Inamlazimu kila kleri na mtawa kutoa taarifa kwa mamlaka ya Kanisa apatapo habari za dhuluma ya namna hii iliyotendwa na kleri au mtawa. Inakataza kumwadhibu mtoa taarifa, na inakataza kumfunga mdomo aliyedhulumiwa. Tena haiondoi wajibu wowote uliowekwa na sheria za nchi.

4. Wajibu wetu

Kwanza, tumsikilize aliyeumizwa pasipo kumhoji kama mshtakiwa. Asikilizwe na mtu mmoja au wawili anaowaamini, na kama ni binti, awepo mwanamke.

Pili, apelekwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwa maana dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufaa ndani ya muda huo. Asioge kwanza, wala nguo zake zisifuliwe.

Tatu, taarifa ifike polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Katika Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa haki za mtoto zinapovunjwa. Kubaka ni kosa la jinai, na mwenye mashtaka ni Jamhuri. Mbuzi hawalifuti.

Nne, anayetuhumiwa aondolewe mara moja katika kazi inayomkutanisha na watoto. Naye ana haki ya kusikilizwa, lakini upelelezi si kazi ya halmashauri.

Wengine watauliza habari za siri. Siri ya kitubio haivunjwi kamwe. Lakini kikao cha halmashauri si kitubio, wala mazungumzo ya sebuleni.

Ndugu zangu, jina la Kanisa halilindwi kwa kumnyamazisha mtoto. Tamari alilia hadharani, na wenye mamlaka walimsikia. Akija kwetu leo, asikute wazee sita wanaotafuta namna ya kuyamaliza.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Je, katika kigango chetu mtoto aliyedhulumiwa angemwendea nani? Je, anamjua?
2. Tunapompokea mwalimu wa kwaya au katekista kutoka kwingine, tunauliza nini kabla ya kumkabidhi watoto?
3. Je, yuko mtu aliyeacha kusali nasi kwa sababu tulimnyamazisha? Tumwendee namna gani kumwomba msamaha?