Waliobaki Kazini Nao Wana Haki



Juma lililopita alinijia ndugu yetu mmoja, msimamizi wa zamu ya mchana katika bohari hapa Uingereza. Kampuni yake imepunguza wafanyakazi. Nilidhani anataka dua kwa ajili ya walioondoka. Akasema, "Sheikh, hao nimewaandikia barua za kuwatambulisha waombee kazi kwingine. Walionishinda ni waliobaki. Wanaingia kazini kama watu waliotoka matangani."

Na ni matanga yasiyo na mkono wa pole. Aliyeachishwa hupigiwa simu. Aliyebaki huambiwa ashukuru. Ilhali amerithi kazi za mwenzake, na usiku hujiuliza kama barua ijayo ni yake. Wengine huona haya hata kupokea mshahara. Sheria ya nchi hii inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu 20 au zaidi mahali pamoja ndani ya siku 90 aanze mashauriano siku 30 kabla. Wakifika 100, siku 45. Waliobaki hawakuhesabiwa siku zao.

Nikamkumbusha mafundisho aliyoyapokea Abu Dharr (r.a.) kwa Mtume (s.a.w.): walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tusiwatwike wasiloliweza, na tukiwatwika, tuwasaidie. Hayo yalisemwa juu ya watumwa. Je, mwajiriwa huru asistahiki zaidi?

Tazameni hilo la mwisho. Kazi ya watu kumi ikiachiwa sita, kuwaambia "jitahidini" si msaada. Msaada ni kuketi nao, kuuliza ipi isubiri na ipi iachwe kabisa, kisha kuwaandikia wakubwa kwamba hii haitafanyika. Hapo ndugu yetu alinyamaza, kwani naye ana mkubwa wake, na ana watoto wanne. Sikumlaumu. Nilimwambia aanze na analoliweza: asiwaahidi kwamba hakuna atakayeondolewa tena, maana hajui, na ahadi asiyoimiliki ni uongo hata ikisemwa kwa huruma. Awaambie anachokijua, na akiri asichokijua. Asiwakataze kuwataja wenzao walioondoka. (Kampuni yenyewe, ili kuwatia moyo, ilileta piza saa saba mchana, ndani ya Ramadhani. Hilo tuliache.)

Jana amenipigia simu. Barua kwa wakubwa ameipeleka, jibu bado. Lakini kazi amezigawa upya pamoja nao, na zamu ya kupakua makontena, iliyokosa mtu, ameichukua mwenyewe, naye amefunga. Mwombeeni.

Adhana imekaribia, na tende zimeshapangwa. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.