Karatasi haibebi nyumba: maneno tuliyowaambia vijana wa Walikale na Masisi juu ya ukaguzi wa kazi

 

Leo hatukuja kulia juu ya vita, hata kama hakuna mtu hapa ambaye vita haikumgusa. Tumekuja na swali moja. Kazi ikifanyika kwa jina letu na kwa mali ya udongo wetu, ni nani anaikagua? Na yule mkaguzi, anakula kwa nani?

Tuanzie nyumbani. Toka 2002, kasiteriti ya Bisie ilitoka msituni mgongoni mwa vijana. Mfuko wa kilo 50, njia ya matope mpaka Njingala, kisha Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya barabara. Kila kizuizi kilikuwa na bei yake. Septemba 2010 serikali ikasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Leo Bisie ni mgodi wa mashine. Alphamin ilianza kutoa bati kibiashara 2019, na mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000, karibu asilimia 6 ya bati inayochimbwa duniani. Machi 2025, M23 walipokuwa wanakaribia Walikale-centre, mgodi ulisimama, na bei ya bati ikaruka sokoni London. Siku ile watu wa mbali sana walijua Bisie iko wapi. Lakini darasa la mtoto wa Bisie lina ukuta gani, nani alijua?

Bati hiyo inaunganisha nyaya ndani ya simu, ndani ya kompyuta, na ndani ya mitambo inayoongoza vinu vya umeme wa nyuklia. Mtatuuliza: nyuklia ina mambo gani na sisi? Tuko nayo mambo mingi. Urani ya Shinkolobwe ilitoka katika inchi hii. Kinu cha kwanza cha nyuklia Afrika, TRICO, kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Na katika kujenga vinu vile, watu walilazimika kuandika sheria kali kuliko zote juu ya ukaguzi, kwa sababu kosa la fundi mmoja linaweza kufukuza mji mzima.

Sheria zile si uchawi. Marekani waliziandika 1970, kanuni 18. Tukamate tatu tu. Ya kwanza: kila chuma kina karatasi yake inayokifuata toka kiwandani mpaka ukutani. Ya pili: mkaguzi hawezi kuwa chini ya yule anayekimbizana na tarehe na pesa. Ya tatu: kuna mahali ambapo kazi inasimama, na hakuna anayeendelea mpaka mkaguzi aone kwa macho na kutia sahihi.

Zikivunjwa, inakuwa namna gani? Huko Ohio, kinu cha Zimmer kilikuwa kimefika asilimia 97. Mpelelezi aliyeitwa kwa kesi nyingine kabisa, ya wafanyakazi wanaodanganya saa za kazi, ndiye aliyeanza kusema juu ya chuma kilichounganishwa vibaya. Wakakuta hata vitabu vya ukaguzi haviaminiki. 1982 kazi ikasimamishwa, 1984 nyuklia ikaachwa, na jengo likageuzwa kuwa la makaa ya mawe. Korea ya Kusini, 2012 na 2013, waligundua vyeti vya bongo vya maelfu ya vipuri, na majaribio ya nyaya yaliyogeuzwa. Vinu vikazimwa, watu wakafikishwa mahakamani. Ufaransa nako, 2016, mafaili ya kiwanda cha Le Creusot yalikutwa na kasoro, na karatasi za miaka mingi zikabidi zisomwe upya.

Mnaona? Inchi zenye pesa, zenye mainjinia, zenye sheria. Hazikukosa karatasi. Zilikosa mtu huru wa kulinganisha karatasi na kitu chenyewe.

Sasa turudi kwetu. Etiketi ya mfuko wa madini ni ndugu ya ile karatasi ya chuma. Agenti wa serikali anapima mfuko karibu na shimo, anafunga etiketi, anaandika namba katika buku. Kwenye depo ya negosian inafungwa etiketi ya pili. Mnunuzi wa mbali anasoma namba, anasema: mfuko huu ni safi. Lakini etiketi inajua tu kile alichoandika aliyeifunga. Agenti asipolipwa miezi mingi, akibebwa kwa pikipiki ya yule anayemkagua, akitishwa na mwenye bunduki, etiketi itasema nini? Mwaka 2022 Global Witness waliandika kwamba madini ya migodi isiyoruhusiwa yalipitia katika mfumo wa ITSCI. ITSCI walikataa. Na kwa Masisi, baada ya M23 kukamata Rubaya mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza jinsi koltani ilivyovuka mpaka na kuchanganywa na ya Rwanda. Baada ya kuchanganywa, ni macho gani yatatenganisha?

Hatusemi etiketi zitupwe. Zikitupwa, anayelia kwanza ni mchimbaji, kama 2010. Tunasema yule anayezifunga alipwe na serikali, kwa wakati, na awe na uwezo wa kusema hapana akarudi kwake salama.

Tena kuna jambo la karibu zaidi. Kodeksi ya madini ya 2018 inasema: katika ada ya madini, asilimia 15 ni ya sekta na chefferie palipo mgodi, na asilimia 25 ni ya jimbo. Juu ya ile, kampuni inapashwa kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji, na kuandika ahadi zake katika cahier des charges. Pesa hizo zinapashwa kuwa shule, vituo vya afya, madaraja, maji. Haya ndiyo majengo yetu ya kukagua!

Na ukaguzi hauhitaji diploma ya nyuklia. Betoni inaficha dhambi. Ikishamwagwa, hakuna atakayeona kama vyuma vilikuwa kumi ao sita. Basi mahali pa kusimama ni pale: kabla ya kumwaga, vyuma vihesabiwe mbele ya mkaguzi na mbele ya wanakijiji, vilinganishwe na pulani, picha ipigwe. Mchanga wenye udongo ukataliwe. Betoni inyweshwe maji karibu siku saba, na majaribio ya nguvu yangoje siku 28. Siku ya kukata utepe ni kuchelewa. Siku ile rangi ni mpya, na kila nyumba ni nzuri.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Moja, kila kazi ya pesa ya madini iwe na bango linalosema bei, mjenzi, tarehe, na jina la mkaguzi. Mbili, mkaguzi asichaguliwe wala asilipwe na mjenzi. Tatu, pulani na mikataba viwekwe kwenye ofisi ya sekta, kila raia asome bila kuomba ruhusa. Ine, kamati ya wenyeji, pamoja na mama na vijana, iwe na haki ya kusimamisha kazi mbaya kabla ya malipo ya mwisho.

Na sisi vijana je? Tuache kungoja skandali ndipo tuimbe. Tuunde vikundi vya watu watano kwa kila kijiji: fundi mmoja, mwalimu mmoja, mama mmoja, vijana wawili. Buku, kalamu, kamba ya kupimia, simu. Hakuna jiwe, hakuna matusi, hakuna kuchukua bahasha. Tunaandika tulichokiona, siyo tulichosikia, na tunasoma mbele ya watu. Kazi ikiwa nzuri, tunasema ni nzuri, maana mkaguzi asiyejua kusifu hataaminiwa akilaumu.

Mvua ya Walikale haisomi vyeti. Tuwatangulie wale watoto watakaoketi chini ya paa lile, tuhesabu vyuma sasa.