Majani ya Nepia na Azimio Letu la Mwaka Jana

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Bwana Mwenyekiti, walimu wetu, na ndugu zangu tuliokula maharagwe ya sufuria moja,

Nilipotajwa kuwa nitazungumza juu ya majani ya nepia, niliwasikia wengine mkicheka. Mnakumbuka. Siku zetu, aliyepiga kelele wakati wa masomo ya jioni alikabidhiwa panga Jumamosi akawakatie ng'ombe wa shule, na alirudi mikono imejaa mikwaruzo. Mimi nilipiga kelele sana.

Majani haya ni ya Afrika hii yetu. Humea yenyewe kando ya mito na penye unyevu katika nchi za joto. Wengine huyaita majani ya tembo, na ndugu zetu wa Tanzania husema mabingobingo. Jina la nepia limetokana na Kanali Napier wa Bulawayo, aliyeyapigia debe mwanzoni mwa karne ya 20.

Kuyapanda ni rahisi. Kata shina lililokomaa lenye vifundo vitatu, ulichomeke kwa mshazari, vifundo viwili udongoni na kimoja juu, ukiacha mita moja kati ya mistari. Yakifika kimo cha mita moja, yaani baada ya miezi mitatu au minne, yakate na uache kisiki kifupi. Kisha kata kila wiki sita hadi nane. Yakikupita kimo, ng'ombe atakula vijiti. Na samadi lazima irudi shambani. Wengi wetu hukata miaka kumi bila kurudisha kitu, halafu tunalaumu mvua.

Ng'ombe mmoja wa maziwa aweza kumaliza kilo 70 za majani mabichi kwa siku. Mizizi yake hushika udongo kwenye matuta. Tena wataalamu wa ICIPE kule Mbita walituonyesha kuyapanda kuzunguka mahindi: nondo wa viwavi wanaotoboa mabua huvutwa na nepia, hutaga huko, na viwavi wengi hufa kwa utomvu wake unaonata.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, niruhusu nieleze kisa changu. Mwaka 2008 mama yangu alikuwa na ng'ombe wawili hapa Bungoma, na majani hayakutosha. Mimi, msomi wa chuo kikuu, nikajaza gari dogo miche kutoka shamba nililolipenda kwa macho njiani kuelekea Busia. Ilishika vizuri. Tulipokata mara ya kwanza, majirani walikuja kuomba miche, nasi tukawapa, maana kwetu mche hauuzwi.

Baada ya kukata mara ya pili, machipukizi yalitoka mafupi, ya manjano, yamesongamana kama ufagio. Huo ni ugonjwa wa kudumaa, ulioonekana magharibi ya Kenya tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Husababishwa na vijidudu wa jamii ya bakteria, na huenezwa na mdudu mdogo anayefyonza majani, na pia na sisi wenyewe kwa miche. Hauna dawa. Ubaya wake ni kwamba shina lenye ugonjwa laweza kuonekana zima kabisa, mpaka likatwe na kuchipua tena.

Shamba la zamani la mama nalo likaambukizwa. Akauza ng'ombe mmoja, yule aliyekuwa akimlipia dada yangu mdogo karo. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Nami nilizunguka nyumba tisa kuwaambia majirani wang'oe na kuchoma kile nilichowapa kwa furaha. Wawili walikuwa wamekwisha kuwagawia wengine.

Ndiyo maana nimesimama. Mwaka jana tuliazimia kuinunulia shule ng'ombe wawili, na kila mmoja wetu alete mzigo mmoja wa miche kutoka kwao. Azimio ni la moyo mwema, nami nililipigia kura kabla sijafikiri. Lakini tunatoka wilaya nyingi, na shamba la shule limepakana na wakulima wadogo pande tatu. Naomba tulibadilishe leo: kila mmoja atoe thamani ya mzigo wake kwa fedha, na miche ichukuliwe kituo cha utafiti cha KALRO Kakamega, tukiulizia aina inayostahimili ugonjwa huu. Gari la kuileta nitalitafuta mimi. Na waliokwisha kufika na mizigo yao, nimeiona pale chini ya mwembe. Tafadhalini isipelekwe shambani.