Mwenye Mali Asitozwe Kulitazama Daftari Lake

(Mazungumzo kwa wananchi wa Mkula, Mkoa wa Simiyu)



Mkulima wa pamba aliyeuza mavuno yake na kuamua kumnunulia mwanawe kiwanja pale Lamadi hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: huyu anayeuza, je, ndiye mwenye mali? Muuzaji anayo karatasi, na karatasi ina muhuri. Mashahidi wawili wapo tayari, na dalali amekwisha kuagiza soda. Lakini ukweli wa jambo hilo haumo katika karatasi ile wala vinywani mwa mashahidi. Ikiwa kiwanja kimepimwa na kusajiliwa, ukweli umo katika daftari la Msajili wa Hati. Humo ndimo imeandikwa kiwanja ni cha nani, kama kimewekwa rehani benki, na kama yuko mtu aliyeweka zuio kwa kudai haki yake.

Kulitazama daftari hilo huitwa upekuzi, na upekuzi hulipiwa ada. Ada hiyo si jambo jipya. Sheria ya Usajili wa Ardhi, ambayo ilitungwa mwaka 1953 chini ya utawala wa Mwingereza na ingali ikitumika, ilimruhusu mtu yeyote kulipekua daftari mradi alipe. Zamani malipo hayo yalikuwa na maelezo. Karani alilazimika kuiacha kazi nyingine, kwenda masjala, kulitafuta jalada katikati ya majalada elfu, kulipangusa vumbi na kunakili. Mtu wa Mkula alisafiri hadi Mwanza kwa ajili ya shughuli hiyo, na nauli pamoja na chakula na malazi vilikuwa mzigo mkubwa kuliko ada yenyewe. Hata Serikali ilipofungua ofisi ya ardhi katika kila mkoa mwaka 2020, safari ilifupika bila kwisha.

Sasa kumbukumbu hizo zinahamishwa kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye mashine. Wizara ya Ardhi ilianza na mfumo wa ILMIS huko Dar es Salaam, kisha ukaja ule wa e-Ardhi. Jirani zetu wa Kenya nao walizindua Ardhisasa mwezi Aprili 2021, wakianzia Nairobi, na kwao pia mpekuzi huendelea kulipa. Kwa mashine hizi, kumbukumbu ya kiwanja huweza kuonekana kwa dakika chache bila karani kuinuka kitini. Hapa ndipo swali linapozaliwa: ikiwa kazi ya karani imekwisha, ada inalipia nini?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba mashine nazo zina gharama. Jibu hilo ni la kweli, wala halifai kudharauliwa. Mitambo huchakaa, wataalamu hulipwa mishahara, na umeme haununuliwi kwa maneno. Lakini ni nani aliyekwisha kuzilipa gharama hizo? Mwenye hati hulipa pango la ardhi kila mwaka. Alilipia upimaji, akalipia usajili, akalipa na ushuru wa stempu. Mradi wa Uboreshaji Usalama wa Milki za Ardhi, ambao miongoni mwa kazi zake ni kuzijenga kumbukumbu hizi, unagharimiwa kwa mkopo wa Dola milioni 150 za Marekani ulioidhinishwa na Benki ya Dunia Desemba 2021. Mkopo huo utarejeshwa na taifa, pamoja na mkulima wa Mkula ambaye hana hati wala kompyuta. Kumtoza tena mlangoni mtu aliyekwisha kuchangia ujenzi wa nyumba si jambo lililo rahisi kulitetea.

Yako pia maelezo ya msingi zaidi, nayo yamo katika sheria za ardhi za Tanzania. Mwaka 1958, katika andiko lake lililoitwa Mali ya Taifa, Mwalimu Julius Nyerere alionya kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa kama nguo, walio wengi wangeishia kuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Mwaka 1963 hati za umilikaji wa daima zilizoachwa na wakoloni zilifutwa. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, ikarudia msimamo huo kwa maneno yasiyo na utata: ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ameshikilia dhamana yake kwa niaba ya raia wote.

Yafaa neno hilo, dhamana, litazamwe vizuri. Mdhamini si mwenye mali, ni mtunzaji. Mtunzaji wa mali ya watu huandika kitabu cha hesabu, na kitabu hicho huandikwa kwa ajili ya wenye mali. Daftari la ardhi ndilo kitabu hicho. Linaonyesha ni sehemu gani ya mali ya wote imekabidhiwa kwa nani, kwa muda gani na kwa masharti gani. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoanza kazi mwaka 1991, ilisikiliza wananchi mikoa kwa mikoa, na malalamiko mengi yaliyofika mbele yake yalihusu ardhi iliyogawiwa bila wenyeji kujua. Ugawaji wa siri hustawi pale ambapo kitabu hakisomeki. Haijalishi sana kama kinafichwa kwa kufuli au kwa ada.

Wapo watakaosema kwamba ada ni ndogo. Kwa nani? Mnunuzi mwangalifu hapekui kiwanja kimoja tu. Hupekua cha kwanza akakuta kina rehani, cha pili akakuta jina si la muuzaji, cha tatu akakuta hakimo kabisa. Kila mara hulipa, na kila mara hununua bando la simu. Mwenye fedha hujibu kwa kutoa pochi. Mnyonge hujibu kwa kumwamini dalali. Kwa hiyo ada iliyokusudiwa kuingiza mapato humpelekea tapeli wateja. Kisha kesi hufunguliwa, Baraza la Ardhi huzikaa miaka, na gharama ambayo umma hubeba kwa shauri moja la kiwanja kilichouzwa mara mbili huwezi kuilinganisha na ada ya upekuzi.

Hoja iliyo nzito zaidi dhidi ya kuacha daftari wazi ni ile ya usiri wa mtu. Mjane asingependa kila mpita njia ajue ana viwanja vingapi. Hoja hii ni ya haki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeipa nguvu. Lakini ada haimlindi mjane huyo. Mwenye nia mbaya atalipa, tena kwa furaha, akijua atarudisha fedha yake. Kinachomlinda ni uamuzi juu ya kitu gani kionyeshwe. Jina la mmiliki, mipaka ya kiwanja, rehani na mazuio ni mambo ya umma. Namba ya simu, namba ya kitambulisho na picha yake si ya umma, kwa ada wala bila ada.

Huko Uingereza, nchi iliyoleta utaratibu huu, daftari lilikuwa limefungwa mpaka tarehe 3 Desemba 1990; kabla ya hapo mtu hakuweza kulisoma la mwenzake bila idhini yake. Wananchi wa koloni walikuwa na mlango, ingawa wa kulipia, wakati wananchi wa nchi mama walikuwa hawana. Leo Waingereza nao hulipia. Ada yao, iliyokuwa pauni 3 kwa miaka mingi, ilipandishwa kuwa pauni 7 Desemba 2024. Hata hivyo, tangu mwaka 2017 orodha ya ardhi inayomilikiwa na makampuni, ya ndani na ya nje, hutolewa bure kwa anayeitaka. Mpango huo unastahili kuigwa kwa upande mmoja: ikiwa lazima pawepo anayeanza kuonekana, na aanze mwenye mashamba makubwa.

Kwa Tanzania, njia iliyo karibu na haki ni kutenganisha kutazama na kuthibitisha. Kutazama kuwe bila malipo. Anayehitaji karatasi yenye muhuri wa Msajili ili aipeleke benki au mahakamani, na alipe gharama ya karatasi hiyo. Kampuni itakayo kuchota kumbukumbu elfu kumi kwa biashara yake, nayo ilipe bei ya biashara.

Hata hayo yakifanyika kesho, sehemu kubwa ya ardhi ya Mkula haitaonekana katika mashine hizo. Ni ardhi ya kijiji, nayo inatawaliwa na Sheria Namba 5 ya mwaka 1999. Wazee wanakumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, wakati kaya zilipohamishwa na mahame yakaachwa bila maandishi yoyote. Nani alilima wapi ilibaki katika kumbukumbu za watu, na watu hao wanapungua kila mwaka. Wakati huohuo barabara ya Bariadi hadi Lamadi imekwisha kuwekwa lami, na wanunuzi kutoka mijini wanaulizia mashamba ya kando yake.

Sheria hiyo inataka kila kijiji kiwe na daftari la ardhi, na mtunzaji wake ni Afisa Mtendaji wa Kijiji. Humo ndimo zinapoandikwa hati za hakimiliki za kimila. Daftari hilo halihitaji intaneti. Linahitaji kabati lisilovuja, ufunguo unaojulikana uko kwa nani, na watu wanaouliza. Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu, na hakuna sheria inayowazuia wajumbe wake kudai kwamba yaliyoandikwa katika daftari tangu mkutano uliopita yasomwe mbele yao kwa sauti: jina, eneo, ekari, na nani aliidhinisha. Kusoma huko huchukua nusu saa, na hakuna anayedaiwa hata senti moja.